Je, Mwenye Kunakili Ni Mwizi?

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Alkhamisi, kijana mmoja katika wanafunzi wangu alibaki nyuma mpaka wenziwe wote wakavaa viatu wakaenda zao. Nilidhani ataka kuniuliza juu ya talaka au juu ya mirathi, kwani hayo ndiyo masuali yaulizwayo faraghani. Kumbe sivyo. Alikaa mbele yangu, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, riziki yangu ni halali au ni haramu?"

Kabla ya kuendelea napenda wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wajue nilipo. Ainabkoi ni mji mdogo wa reli upande wa Eldoret, katika nyanda za juu, kwenye ile njia ya treni itokayo Nakuru, iliyofika Eldoret mwaka 1924. Hapana mnazi hapa wala mkoko. Pana viazi, mahindi, ngano na maziwa, na ikifika Julai, mtu wa Mvita aliyezoea kulala na kikoi huona kuwa kikoi huku si nguo, ni mzaha. Nililetwa na kazi ya kusomesha, nikakaa. Nayaeleza haya ili asije mtu akasema kuwa mas-ala haya ni ya watu wa bara, sisi wa pwani hayatuhusu. Biashara ya kijana huyu iko Ainabkoi, iko Kapsoya, iko Majengo ya Mombasa, na iko Lamu.

Ana kibanda kando ya barabara. Ndani pana kompyuta moja iliyokwisha kutumiwa na watu wengine kabla yake, na katika kompyuta hiyo pana sinema kwa maelfu, tamthilia za Kituruki na za Kikorea, nyimbo, kaswida, na mawaidha ya masheikh wa Mombasa na Zanzibar. Mteja huleta simu yake au fleshi, husema atakalo, hutoa shilingi zake chache, naye hujaziwa. Asiyejua Kiingereza hupewa sinema ambayo msimulizi wa hapa Kenya ametia sauti yake juu ya sauti za wachezaji, akaeleza kisa kwa Kiswahili cha mitaani kama apendavyo, hata mara nyingine msimulizi huwa ndiye achekeshaye kuliko sinema yenyewe. Kwa kazi hiyo kijana alipa kodi ya kibanda, asomesha ndugu zake wawili, na kila mwezi ampelekea mamake cha jikoni. Sasa mtu mmoja amemwambia kuwa yeye ni mwizi wa mchana. Tangu siku ile hapati usingizi.

Nilifungua kinywa nimjibu, kisha nikakifunga. Sababu ni kuwa mkononi mwangu nilikuwa nimeshika simu, na ndani ya simu hiyo mna vitabu vya fiqhi, hadithi, tafsiri na lugha, zaidi ya elfu moja, vyote nimevipakua bila ya kutoa hata senti. Watungaji wake wengi wamekufa karne nyingi zilizopita, na hao hawana shida na shilingi yangu. Lakini nakala zenyewe zimepigwa picha kutoka katika chapa za leo. Pana watu walio hai waliokesha miaka wakilinganisha khati moja na nyingine, wakasahihisha, wakatia nambari na faharasa. Na pana wachapaji waliotoa mali zao. Basi ningemwambia kijana "wewe ni mwizi" ilhali nami nimeshika vitabu elfu? Nilimwomba muhula wa juma moja. Juma likawa matatu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, neno lenyewe "wizi." Katika fiqhi, na katika akili ya kila mtu, wizi ni kuchukua mali ya mtu kwa siri kutoka mahali alipoihifadhi, akaamka asubuhi asiione. Aliyeibiwa mbuzi hana mbuzi. Lakini mwenye sinema aliyeko Istanbul huamka na sinema yake ipo pale pale. Kwa hiyo wale wasemao kuwa kunakili ni sawasawa na kuiba mbuzi wasema neno la kutisha watu, si neno la elimu. Wasomaji wetu wanakijua kile kisa cha Abunuwasi, cha maskini aliyekula chakula chake kikavu kwa harufu ya mbuzi wa tajiri, tajiri akamshitaki alipwe harufu yake, naye Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa fedha. Tangu utotoni tumekicheka kisa hicho, na tumekuwa upande wa maskini.

Ila nilipokifikiri tena niliona kuwa kijana wangu si yule maskini. Maskini alinusa, akala, akalala. Kijana wangu amejenga kibanda mlangoni pa tajiri, naye auza harufu kwa wapitao njia. Na kwa kweli si harufu auzayo. Auza nyama yenyewe, kwani anunuaye kwake hapungukiwi na chochote alichokusudia mwenye sinema kukiuza. Hapo Abunuwasi hawezi kutusaidia tena.

Wanavyuoni nao hawakuwa na kauli moja. Waliokataa kuwa haki hii ni mali walishika neno la Imam al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyekufa mwaka 1285, alipofafanua kuwa vitu vya akili, kama vile ijtihadi ya mtu, haviendi kwa warithi wake kama iendavyo mali. Wakasema kisichorithiwa si mali. Tena wakaogopa kuwa elimu itafichwa. Huko Pakistan, Mufti Muhammad Shafi, aliyefariki mwaka 1976, alikuwa katika waliokataa. Na mwanawe mwenyewe, Mufti Taqi Usmani, ni katika waliokubali. Kwa hiyo msomaji akihitilafiana na babake juu ya jambo hili, asione haya, wametangulia wakubwa. Kisha Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, ikakata shauri kuwa haki ya mtungaji na ya mvumbuzi na ya jina la biashara zimekuwa, kwa ada ya watu wa zama hizi, ni haki zenye thamani ya mali, na kuwa haifai kuzivamia.

Nasi watu wa pwani, ambao ni Mashafi, tusingepaswa kulishangaa hilo. Madhehebu yetu yahesabu manfaa kuwa ni mali. Anayepangisha nyumba hauzi mawe, huuza kukaa. Basi ikiwa kukaa kwaweza kuuzwa na kudhulumiwa, kwa nini kutazama na kusikiliza kusiweze?

Hapo ndipo ningeweza kuweka kalamu chini na kumwita kijana nimwambie afunge kibanda. Lakini mtu wa haki hana budi kutazama pande zote mbili za mizani, na mizani hii ina upande wa pili ambao watu wakubwa hawapendi utazamwe.

Tazameni mwaka 1928. Mwaka ule Siti binti Saad na wenziwe wa Zanzibar walikwenda Bombay kutiwa sauti zao katika santuri. Sizungumzi hapa hukumu ya ala na uimbaji, hiyo ina mahali pake. Nazungumza juu ya kazi ya watu na haki yao. Mwaka huo huo, huko Marekani, akatolewa katika sinema panya mmoja wa kuchorwa, ambaye leo hapana mtoto asiyemjua. Panya yule alilindwa na sheria kwa miaka 95. Mwaka 1998 sheria ya Marekani ilirefushwa miaka ishirini zaidi, na sinema yake ile ya kwanza haikuwa ya watu wote ila tarehe 1 Januari 2024. Na Siti je? Alifariki mwaka 1950. Sauti yake hunakiliwa kila mahali, huwekwa mtandaoni na yeyote, na matangazo ya biashara hutangulia mbele yake, wala sijasikia wakili aliyempigania kama alivyopiganiwa yule panya.

Kisha watazameni hao hao wenye panya. Mwaka 1994 walitoa sinema ya simba, wakatwaa maneno mawili ya Kiswahili, "hakuna matata," wakayapeleka katika daftari la alama za biashara la Marekani ili yawe yao katika fulana na mavazi, na mwaka 2003 yakaandikishwa. Nao hawakuwa wa kwanza kuyapatia faida: kundi la Them Mushrooms la Mombasa lilikwisha yaimba katika "Jambo Bwana" mwaka 1982, kuwaimbia watalii wa mahoteli. Mwaka 2018 watu kwa maelfu, wakiongozwa na mtu mmoja wa asili ya Zimbabwe, walitia saini kupinga jambo hilo. Ni wajibu wetu kusema kweli: alama ya biashara haimzuii mtu kuyatamka maneno hayo, wala hapana askari atakayekuja Kuze kutusikiliza twazungumza. Na pengine tuna bahati, kwani mtu wa pwani hasa akitaka kusema jambo hilo husema "hapana shida" au "hapana neno," na haya bado hawajayapata. Lakini moyo wenyewe wa jambo hilo ndio niutakao. Mtu aliyetunga huomba alindwe kwa kile alichokitunga. Maneno hayo nani aliyeyatunga? Waliyatunga mabibi zetu na mabwana zetu wakitaniana vizazi kwa vizazi, wala hawakuweka daftari.

Kikoi nacho kilikuwa kipotee vivyo hivyo. Karibu na mwaka 2007 kampuni moja ya Uingereza iliomba iandikishiwe huko kwao neno "kikoy" liwe alama yake. Wafumaji na wauzaji wa Kenya, pamoja na Waingereza wenye kuwahurumia, wakasimama kupinga, na ombi likaanguka. Fikirini lingepita: mfumaji wa Kenya angetaka kukiuza kikoi Uingereza, angetakiwa kwanza aombe ruhusa ya kukiita kikoi.

Kwa hiyo sheria hizi mara nyingi ni kama mlango wa nyumba kuu: kwa nje wafungwa kwa komeo, kwa ndani watoka watakao. Lakini upotofu wa mwenye nguvu haumhalalishii mnyonge mali ya mtu wa tatu. Ikiwa tajiri mmoja wa Marekani amelitwaa neno letu, hilo halinipi ruhusa ya kumnyang'anya mwimbaji wa Malindi nyimbo zake. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, khasa vijana, na mtu akiwasikiliza hudhani kuwa kila mwenye kujaza fleshi ni mpiganaji wa uhuru.

Jambo jingine lanikera zaidi, nalo ni hili neno "kununua" walitumialo wauzaji wa mitandaoni. Katika vitabu vyetu kuuza ni kuhamisha milki: nimekuuzia jembe, jembe ni lako, uliazime, ulirithishe, ulitupe. Mwezi wa Julai mwaka 2009 watu wa Marekani walionunua kutoka kampuni ya Amazon vitabu viwili vya George Orwell, kimoja ni kile kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, walifungua vifaa vyao vya kusomea wakakuta vitabu havimo. Muuzaji aliingia kwa njia ya mtandao akavitoa, akarudisha fedha, kwa sababu aliyevileta sokoni hakuwa na haki navyo. Baadaye kampuni iliomba radhi. Hebu fikirini muuza vitabu wa Mombasa aingie nyumbani kwako usiku, achukue kitabu rafuni, akuachie pesa mezani, kisha aseme kuwa ule ulikuwa ni mkataba. Hakuna kadhi atakayemwelewa.

Nao huo mkataba upo kweli, hilo ndilo ajabu. Ulikubali. Mtu wa kwetu hawezi kupangisha chumba bila ya mashahidi wawili na maneno ya nusu siku. Lakini simu ikimletea masharti ya kurasa arubaini kwa Kiingereza cha mawakili, huyakubali kwa kidole gumba huku akinywa chai. Zamani kidole gumba kilikuwa alama ya asiyejua kusoma. Leo mwenye shahada naye hutia kidole, na hajasoma. Katika fiqhi biashara yenye ujinga wa namna hii juu ya kitu kiuzwacho huwa na kasoro kubwa, na yashangaza kuwa ilibidi kwanza watu wa California wakumbuke: sheria yao ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika 2025, yamkataza muuzaji kusema "nunua" juu ya kitu cha mtandaoni ambacho aweza kukiondoa, ila amweleze mnunuzi waziwazi kuwa alipiacho ni ruhusa tu. Ni neno moja tu limerekebishwa. Lakini nusu ya dhuluma ya sokoni ni maneno.

Sasa nirudi kwa kunakili kwenyewe, kwani nisije nikaonekana nakilaani. Lau si kunakili tungekuwa hatuna kitu. Siyu katika visiwa vya Lamu ilikuwa na sifa ya waandishi walionakili misahafu kwa mkono, kwa khati na mapambo yake yenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangekufa pamoja na wazee waliomsikia, kama Mwalimu Sikujua hangeyahifadhi, na yule Mwingereza Taylor asingekuwa karibu wayaandike. Hao walinakili, hapana aliyewaita wezi, na hawakuwa wezi. Mnakili wa zamani alilipwa kwa mkono wake, wino wake na macho yake yaliyoharibika. Nakala moja ilimchukua miezi, na mwisho aliandika: kitabu hiki ni cha fulani, na mimi niliyekinakili ni fulani.

Hapo ndipo nilipopata kile nilichokuwa nikikitafuta. Yale majina mawili mwishoni.

Mashine ya leo imeondoa taabu ya mkono, na hiyo ni neema. Lakini pamoja na taabu imeondoa majina. Kila siku huletewa katika simu yangu mashairi na mawaidha ambayo chini yake pameandikwa "nimetumiwa kama ilivyo." Nani aliyetunga? Hakuna ajuaye. Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na hekima: walitia majina yao ndani ya beti za mwisho ili mnakili asiweze kuyatoa bila ya kuuvunja utenzi. Siku hizi huzikata beti hizo kwa sababu ujumbe umekuwa mrefu. Hata kabla ya simu tulikuwa na ugonjwa huu. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita, aliyefariki mwaka 2019, alitunga nyingi katika nyimbo zilizoimbwa na jamaa yake Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Watu wa mjini huziita zote nyimbo za Bhalo, na bahati njema hawakosei, kwani wote wawili ni Bhalo. Si kila mtunzi aliyejaaliwa kuwa na ukoo mmoja na mwimbaji wake.

Na wazee wetu wa elimu walilichukulia jambo la jina kuwa zito kuliko la fedha. Imam al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima kubainisha mtungaji na mwizi, na huyo mwizi hakumkusudia mwuza nakala. Alimkusudia achukuaye maneno ya mwenziwe akayatia katika kitabu chake bila ya kumtaja. Yasimuliwa kuwa al-Qastallani, ambaye al-Suyuti alimlalamikia kwa jambo kama hilo, alikwenda kwake kwa miguu, bila viatu, kuomba radhi. Kwa upande mwingine, Imam al-Shafii apokewa kuwa alitamani watu waipate elimu yake bila ya yeye kunasibishiwa hata herufi. Baadhi ya vijana wetu huishika khabari hiyo kuwa ni ruhusa. Sivyo. Al-Shafii alisamehe kilicho chake. Mimi sina haki ya kusamehe kilicho cha al-Shafii.

Nitaje yaliyonipata mimi, si kwa kujitukuza. Mtu nisiyemjua aliitia katika kanda ya simu darsa yangu moja juu ya mirathi, saa nzima, darsa ya taratibu kabisa ya hisa za dada na babu. Akaikata dakika nne, akaiweka mtandaoni kwa anwani ya kuwa sheikh awalipua wanaume wa leo, na kila mtu akiifungua hutanguliziwa tangazo la kamari ya mpira. Nilipoiona, sikuwaza kuwa nimepotewa na fedha. Sikuwa nimeiweka darsa sokoni. Kilichonichoma ni kuwa jina langu lilikuwapo, tena kubwa, juu ya maneno ambayo sikuyakusudia, na chini ya kamari niikatazayo. Basi nikafahamu kuwa jina laweza kuibwa kwa njia mbili: kwa kuondolewa penye kazi yako, na kwa kubandikwa pasipo kazi yako.

Baada ya majuma matatu nilimwita kijana. Hakuja na furaha.

Nilimwambia: "Mwanangu, siwezi kukuita mwizi kwa maana ya mwizi wa mbuzi. Lakini wauza kazi za watu walio hai, ambao kazi hizo ndizo mkate wao, bila ya radhi yao. Na sheria ya nchi, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, yakataza. Hiyo si safi." Akauliza, kwa adabu, macho yake chini: "Sheikh, wenye sinema za Marekani na Uturuki hawaijui Ainabkoi iko wapi. Na sinema zenyewe haziuzwi hapa kwa bei yoyote. Nani apataye khasara?" Suali hilo lina nguvu, nami sikulipuuza. Nilimjibu kuwa haki ya mtu haitegemei kuwa yeye akujua. Lakini nilimkubalia kuwa yupo tofauti atazamaye nyumbani kwake kitu kisichopatikana kwa njia nyingine, na yeye akifanyaye kuwa duka. Na kuwa mwanafunzi wa utabibu akosaye kitabu hayuko sawa na atakaye kujua kama mke wa pasha atapona katika sehemu ya mia na ishirini. Hata wenye sheria hufungua mlango penye haja: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya iliingia mwaka 2017, waruhusu vitabu kunakiliwa kwa ajili ya vipofu bila ya kumngoja mwenye haki. Wengi katika waliotusomesha Qurani walikuwa vipofu. Nalitaja hilo kwa mapenzi.

Basi tukakaa tukapanga. Mawaidha ambayo wenyewe wamesema yasambazwe, ayajaze, na achukue ujira wa kazi yake na umeme wake, kwa sharti asiyakate wala asiondoe jina. Kaswida na nyimbo za watu wa hapa, awapigie simu wenyewe, kwani wengi nambari zao ziko hapo hapo chini ya kazi zao, wakikubali, wapatane. Sinema na tamthilia aache kuziuza. Badala yake apokee watu wanaotaka kujaziwa maombi yao ya serikali mtandaoni, na kuchapa, na kuchaji simu, kazi ambazo Ainabkoi zina wateja.

Amefanya. Sitaki msomaji adhani kuwa riziki iliongezeka siku ya pili, kama yasemwavyo katika visa vya mimbarini. Mapato yake yamepungua karibu nusu. Mwimbaji mmoja alimkubalia bure na akafurahi kuulizwa. Mwingine alitaka fedha asizokuwa nazo. Wa tatu alidhani ni tapeli akakata simu. Ndugu yake mdogo amesomeshwa muhula huu kwa mchango wa darsa, na jambo hilo wanadarsa wenzake wanalijua, nami nimewaambia kuwa hiyo si sadaka bali ni deni letu, kwani sisi ndio tuliomfungia mlango.

Alipokuwa akiondoka siku ile aligeuka penye kizingiti. "Na vitabu vya kwenye simu yako, Sheikh?"

Nimeviainisha. Vile ambavyo chapa zake ni za zamani, na wasahihishaji wake wamekwisha kufa miaka mingi, nimevibakisha. Vitatu nilivyokuwa nikivisomeshea ni vya wasahihishaji walio hai, na bei yake pamoja na usafiri mpaka Eldoret ni zaidi ya uwezo wa darsa. Nimewaandikia wachapaji wake watatu. Mmoja amejibu, akaturuhusu kutumia nakala kwa kusomeshea tu, tusiuze. Wawili hawajajibu. Vitabu vyao nimevitoa katika ratiba, na wanafunzi wa Jumanne wananung'unika, kwa kuwa tulikuwa tumefika katikati ya mlango wa ijara.